Mstari wa Bibi

Siku masomo yalipogawanywa nilikuwa mwisho wa meza, namenya viazi, nikijua mambo yale hayanihusu. Binti yangu ni mpima ardhi. Kila barabara mpya inapoanza kuchimbwa anahamishiwa huko, na sisi tunahama naye, masanduku, magodoro, paka na yote. Wajukuu wangu wawili walikuwa wamebadilisha shule hadi yule mdogo akawa anawaita walimu wote "wewe", maana majina yalikuwa hayamkai kichwani. Mwishowe binti yangu na mumewe wakasema basi, watoto watasomea nyumbani.

"Hesabu na sayansi nachukua mimi," alisema binti yangu. "Kusoma, kuandika na historia, baba yao."

Mkwe wangu ni mwokaji mikate. Anatoka alfajiri, na kabla ya adhuhuri amesharudi, unga umemjaa kwenye nyusi kama mzee wa miaka mia. Ana sauti tamu ya kusoma, hata tangazo la sabuni akilisoma utakaa usikilize. Akakubali kwa kichwa.

"Na sanaa ni yako, mama."

Kisu kikasimama katikati ya kiazi. "Yangu mimi? Mimi niliyeishia darasa la saba?"

"Ndiyo wewe. Nani anashinda nao mchana kutwa? Nani anaweza kukaa na Kimya saa nzima asitamani kuhama nyumba?"

Kimya ni yule mdogo. Jina hilo alipewa na baba yake kwa utani, kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, hata usingizini anasimulia. Dada yake tunamwita Mkaguzi. Huyo hawezi kupita bomba la maji asijaribu kama limefungwa vizuri. Ukimpa shati lililoshonwa atalipindua aangalie ndani kwanza, ndipo alivae.

"Nikirudi kutoka kila safari ya kupima nitaangalia kazi zao," binti yangu akamalizia. "Somo lisilokwenda tutalibadilisha. Hata langu."

Viazi vilivyobaki nikavimenya kwa maringo. Jioni ile nilipokwenda kuanua nguo, jirani aliniuliza hali, nikamwambia niko salama, ila kazi za ualimu zimenibana. Akacheka hadi akaacha kufagia. Na mimi nikacheka, lakini nilikuwa nimesema kweli.

Basi nikaenda kwenye duka la vifaa vya shule, lile la kona, ambako muuzaji ni mama mmoja kijana mwenye mwili, anayechomeka kalamu kwenye nywele kisha anazunguka duka zima akiitafuta. Nikamweleza: nataka kitu cha kufundishia watoto kuchora, nyumbani, na mwalimu ni mimi. Akanitandazia mali yote kaunta. Kulikuwa na kitabu kinene cha kuchora hatua kwa hatua: unaanza na duara, unaongeza duara dogo juu yake, masikio mawili, mkia, tayari ni paka. Kulikuwa na sanduku zuri lenye penseli za rangi, rangi za maji, brashi, na vibao vya plastiki vilivyokatwa maumbo katikati, unapitisha penseli ndani unapata samaki. Na akanionyesha kwenye simu yake masomo ya video ya kijana mmoja anayefundisha bure.

"Chukua kitabu, bibi," alinishauri. "Hiki hata mtu asiyejua kushika penseli anachora."

Nikachukua kitabu. Nilikipenda kwa sababu hatua zake zilinikumbusha mtu anayekufundisha kufuma: huku, kisha huku, kisha huku.

Sasa mimi nina tabia moja. Sijawahi kumpa mtoto uji ambao sijauonja. Wala dawa ya kikohozi; naonja kwanza, nikikunja uso najua na yeye atakunja. Kwa hiyo kila somo la kitabu kile nililifanya mwenyewe kabla ya watoto. Vyombo vya mchana vikishaoshwa, watoto wakiwa barazani wanasomewa na baba yao, natandika gazeti mezani, nachonga penseli, nachora. Paka. Kuku. Kobe. Nyumba yenye dirisha. Mchoro wangu ukimalizika naubandika ukutani uwe mfano, na kitabu nakirudisha juu ya kabati, kwa sababu mikono ya Kimya muda wote ina kitu: jamu, matope, au vyote viwili.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza kidogo kidogo, miaka ya nyuma. Daktari akauangalia, akaniambia niguse pua yangu kisha nimguse kidole chake, akasema ni mtetemeko tu, hauui, niishi nao. Nimeishi nao. Kikombe nakishika kwa mikono miwili. Uzi kwenye sindano natungiwa na Mkaguzi. Chumvi naitia kwa mkono wa kushoto. Nimeuzoea hadi nausahau, kama unavyosahau mlio wa saa ya ukutani ndani ya nyumba yako.

Na miwani yangu ni ya kusomea. Kuchora nilikuwa nachora bila miwani, kwa macho ya makadirio. Paka wangu naye alikuwa paka mzuri kwa kadiri nilivyomwona.

Watoto walikuwa na bidii hadi nikashangaa. Mkaguzi anakaa mbele ya mfano, anauangalia juu, anauangalia chini, ulimi umetoka pembeni, anachora polepole kama anayebeba maziwa yaliyojaa. Kimya anachora huku anasimulia: "Huyu kuku alikuwa ameolewa, lakini mume wake akasafiri." Ukuta ukajaa. Mkwe wangu akirudi anasimama pale na kikapu cha mikate mkononi, anasema, "Mama, hii sasa ni shule." Na mimi najifanya sijasikia ili aseme tena.

Binti yangu aliporudi kutoka safari yake ya kwanza, alivua viatu vyenye vumbi mlangoni, akawakumbatia watoto, akaenda moja kwa moja ukutani. Nikasimama nyuma yake na taulo mkononi, nikisubiri sifa.

Akasogea karibu. Akaangalia kobe wa Mkaguzi, akaangalia nyumba ya Mkaguzi. Akapitisha kidole juu ya mstari wa paa, taratibu, kama anayepapasa mshono.

"Mkaguzi, mwanangu, njoo. Nichoree mstari. Kutoka hapa mpaka hapa. Mmoja tu."

Mjukuu wangu akachukua penseli, akatoa ulimi, akachora. Mstari ukaenda ukitetemeka mwanzo hadi mwisho, mawimbi madogo madogo, yamepangana vizuri kabisa.

Nikaona rangi inamtoka binti yangu usoni. Akaniangalia mkono, akamwangalia mtoto. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "bibi aliyekuzaa wewe naye si alikuwa anatetemeka?"

"Alitetemeka," nikasema.

"Kesho asubuhi tunampeleka hospitali."

Mkwe wangu alikuwa ametokea jikoni, anapangusa mikono. "Nani mgonjwa?"

"Mkono wa mtoto. Angalia mstari huu."

Akauangalia, akakunja uso. "Haiwezekani. Huyu ndiye anayenichanjia mikate siku za Jumamosi, kabla haijaingia tanurini. Ile mistari mitatu juu ya mkate. Anaipiga kwa wembe, tena imenyooka kama uzi uliovutwa. Wateja wanadhani nina mashine."

"Sasa hii nini?"

Tukamgeukia mtoto wote watatu. Naye anatushangaa sisi. "Huo ni mstari," akasema. "Wa kuchorea."

Ndipo Kimya, aliyekuwa amekaa muda mrefu kuliko kawaida yake bila kusema, akaona nafasi. "Mama, mimi bado sijaweza! Wangu unanyooka tu, unanyooka tu! Dada ananifundisha. Unashika hivi, halafu unatetemesha kiwiko, tete-tete-tete, mkono usiuache ukatulia, ukitulia umeharibu." Na akatuonyesha, kiwiko kinacheza kama mtu aliyepanda baiskeli mbovu. "Bibi yeye anaweza bila hata kujaribu!"

Kisha mkwe wangu akaweka uso ndani ya taulo, mabega yakaanza kuruka. Binti yangu akakaa chini sakafuni, akacheka na machozi yanamtoka, amemkumbatia Mkaguzi kwa nguvu. Na mimi nikacheka. Ungefanya nini? Nikaenda kutoa miwani yangu ya kusomea, nikaivaa, nikasimama mbele ya ukuta. Nikamwona paka wangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa paka aliyepigwa na baridi kali.

Watoto hawakuwahi kumwona paka wa kitabu. Kitabu kilikuwa juu ya kabati, kisafi. Walichokiona ni changu, na walichokiona wakakinakili kwa uaminifu wote, mtetemeko na yote.

Baadaye nilipokuwa jikoni nasugua sufuria iliyokuwa safi tayari, binti yangu akanifuata. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha vijiko. Najua akikausha vijiko ana neno.

"Mama, hakuna aliyekosea. Lakini labda tuwape zile video, wewe upumzike. Au sanaa tuiache kwanza, mimi niongeze hesabu."

Sijui kukasirika haraka. Hata waliokufa wa ukoo wetu walinilaumu kwa hilo. Lakini lile liliniuma, kwa sababu katika maisha yangu nimepewa kazi nyingi, za kufua, za kulea, za kuuguza, lakini somo sijawahi kupewa ila hili.

"Nipe safari yako inayokuja," nikamwambia. "Ukirudi, ukaona halifai, nitakukabidhi somo lako pamoja na kichongeo chake."

"Sawa, mama."

Hatukujua kwamba Mkaguzi yuko nyuma ya mlango. Ndiyo kazi yake, hakuna mazungumzo ya nyumba hii asiyoyakagua. Kesho yake nilipomwekea karatasi mbele, alikunja mikono.

"Bibi, kumbe nilikuwa nachora vibaya."

"Hukuchora vibaya, mke mwenza. Ulichora kama mimi."

"Sasa wangu ukoje?"

"Wako nini?"

"Mstari wangu. Kwenye karatasi." Akaitazama karatasi kama mtu anayetazama nyumba ya watu asiowajua. "Kwenye mkate naujua. Hapa siujui."

Nikaona kwamba kichongeo kwangu kilikuwa kitu kidogo. Huyu mtoto akiacha penseli sasa, ataiacha moja kwa moja, kwa sababu namjua: kitu akikikagua akakikataa, hakirudii. Basi nilichokuwa natafuta sasa hakikuwa kitabu cha kunisaidia mimi kufundisha. Nilitafuta kitakachompa yeye mstari wake, nami nikae pembeni na mkono wangu.

Nikaanza upya kuonja, ila safari hii sikuonja kwa mkono wangu. Nilionja kwa kuwaangalia wao.

Nilianza na kitabu kinene, nikakishusha kabatini nikampa Mkaguzi chenyewe. Lilikuwa kosa kubwa kuliko la kwanza. Alichora duara, akalipima kwa vidole na la kitabuni, akafuta. Akachora, akapima, akafuta, hadi karatasi ikatoboka, na machozi yakadondokea kwenye tundu. Paka aliyempata mwishoni alikuwa yule yule wa kitabuni, hata sharubu zilikuwa idadi ile ile. "Huyu ni wao," akasema, akaniachia.

Nikaazima simu ya mkwe wangu nikawawekea video. Kijana ni mchangamfu, anaanza kila somo kwa kupiga makofi: "Haya wapendwa wangu, kazi ianze!" Anaongea mbio kama anafukuzwa. Mkaguzi akasimamisha video kila mara kuangalia kidole kimekaa wapi, mwisho akachoka. Kimya yeye alifurahi kupita kiasi, akaleta mchoro wake anarukaruka. Alikuwa amechora chungwa, na mkono wa kijana ulioshika penseli, na saa ya mkononi ya kijana, na mshale wa saa.

"Mume wangu, mkono wa nini?" nikamuuliza.

"Si ulikuwepo kwenye picha!"

Alikuwa na haki. Ulikuwepo.

Nikarudi dukani kwa lile sanduku. Vibao vya plastiki vilimpa Kimya samaki, akachora bahari nzima kwa muda wa kuchemsha chai. Mkaguzi akainama, akawakagua mmoja mmoja. "Bibi, hawa wote mama yao mmoja, baba yao mmoja, na siku ya kuzaliwa moja." Nikavifunga vibao kwenye mfuko nikavitia uvunguni. Penseli za rangi nikazibakiza, zilikuwa laini, zinaacha rangi nzito bila kukandamiza. Sanduku lile lilinifaa kwa hizo tu.

Nikaenda tena dukani. Muuzaji akaniona tu, akaanza kupapasa nywele kutafuta kalamu.

"Nataka kitabu cha kufundishia kuchora," nikamwambia, "lakini kisiwe na picha za kunakili."

Akaniangalia. "Bibi, hiyo ni kama kuja kuniomba redio isiyo na sauti."

"Ninayo moja nyumbani, ni mkwe wangu akiwa amechoka. Nitafutie."

Akacheka, akapanda ngazi, akashuka, akaingia chini ya kaunta, akaibuka na vumbi puani. Mkononi ana kitabu chembamba, jalada limepauka upande uliokuwa dirishani. "Hiki hakuna anayekitaka. Watu wanakifungua, wanaona maneno matupu, wanakirudisha. Eti kimeandikwa na mwalimu mstaafu, kwa ajili ya wazazi."

Nilikisoma pale pale nimesimama, na miwani. Kilikuwa na maswali na maelekezo tu. Weka kitu kimoja cha nyumbani katikati. Kizungukeni. Kila mtu achore anachokiona kutoka pale alipokaa. Mzazi naye achore, wakati ule ule, na karatasi yake asiioneshe mpaka wote wamalize. Usirekebishe, uliza. Mguu gani unaonekana mrefu? Kati ya miguu unaona nini? Nuru inagonga upande gani?

Nikakinunua, nikapanga kukionja kwanza mwenyewe, maana hapa hapakuwa na mfano wa kuacha ukutani. Nikaburuta kiti cha jikoni hadi katikati ya sebule, nikakaa mbele yake. Kiti kile nimekikalia miaka mingi. Nimekitia misumari, nimekipaka mafuta, nimekihamisha nyumba hadi nyumba juu ya lori. Lakini siku ile ndipo nilipojua kwamba ukikaa pembeni, mguu wa nyuma unajificha na kuonekana mfupi, na kwamba ile nafasi tupu iliyo chini ya kiti nayo ina umbo lake. Nilichora hadi chai ikapoa. Nilipomaliza nikachana karatasi nikaitia jikoni kwenye moto, isije ikaonekana na mtu.

Siku iliyofuata nikawaita. "Kaeni. Kila mtu upande wake."

"Mfano uko wapi?" aliuliza Mkaguzi.

"Mfano ni kiti."

"Kiti hakina mistari, bibi!"

Neno lile lilinisimamisha. Nikakitazama kiti. Kweli, hakina. "Basi itafute," nikamwambia. "Ikishindikana, tutauliza kiti."

Kimya akalala chali sakafuni, akasema huko ndiko anakoona vizuri, akaanza kuchora na kusimulia habari za kiti kilichokuwa mfalme. Mimi nikachora upande wangu, na mgongo wa karatasi nikawageuzia. Mkaguzi alikaa juu ya mto sakafuni. Alikaa tu. Karatasi yake ikarudi kabatini nyeupe kama ilivyotoka.

Siku ya pili vile vile. Ya tatu akaandika tarehe. Sikumsukuma. Nimelea watoto, nimekuza na maharagwe ya kupanda kwenye makopo, najua kufukua kuangalia kama kimeota hakusaidii. Kila nikimaliza kipande namuuliza swali moja la kitabu, kisha naendelea na langu. Nuru iko wapi? Ananionyesha kwa kidevu. Kati ya miguu unaona nini? "Kimya," anajibu, na kweli Kimya yuko pale anapita chini.

Safari ya mama yao ilikuwa inakaribia kwisha. Mkwe wangu alikuwa anapita mlangoni, anachungulia karatasi nyeupe, anakwenda zake. Nilianza kukizoea kichwani mwangu kile kichongeo kuwa si changu.

Kisha mchana mmoja, nimeinamia karatasi yangu, nikasikia:

"Bibi, kwa nini mguu ule ni mfupi?"

Sikuinua uso. "Ni mfupi?"

"Si mfupi. Unaonekana mfupi."

"Una hakika?"

Kumwuliza Mkaguzi kama ana hakika ni kumpa kazi. Akainuka, akaenda, akaupima kwa shubiri. Akapima na wa mbele. Sawasawa. Akarudi kwenye mto wake, akafumba jicho moja, akanyoosha penseli mbele ya uso, akapima tena kutoka pale. Ukawa mfupi. Akaenda mara nyingine, akarudi. Akaonekana amekasirika, kama mtu aliyegundua anadanganywa na duka. Halafu akainama, na penseli ikashuka kwenye karatasi bila kusimama. Haikutetemeka. Aliikandamiza, akaivuta kwake kama anavyovuta wembe juu ya mkate, kwa pumzi moja, na mwisho wa mstari akainua mkono ghafla.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikamuuliza nuru iko wapi.

"Bibi, usinisumbue," akaniambia. Katika maisha yangu sijawahi kutukanwa vizuri hivyo.

Tangu hapo kilichokuwa kigumu ni kumtoa mezani wakati wa chakula. Tulichora birika, viatu vya baba yake, kabichi iliyokatwa nusu, paka mwenyewe alipolala. Kitabu chembamba kikakaa mezani, si kabatini, na alama ya jamu tayari iko ukurasa wa maswali ya nuru. Video sikuzitupa zote. Ile ya kufinyanga udongo tunaitazama, kwa sababu pale Kimya anamwangalia kijana kisha udongo unamfanyia unavyotaka wenyewe. Na kitabu kinene nimempa yeye, siku akitaka kuku wa kitabu. Mtoto wa miaka sita naye ana siku zake.

Binti yangu alirudi mchana, vumbi lile lile, viatu mlangoni. Nilikuwa nimeacha kiti katikati ya sebule. Juu ya meza nikaweka michoro mitatu ya kiti, haina majina, nikasema, "Kazi ziko hapo," nikaketi pale ninapochorea. Mkwe wangu akasimama mlango wa jikoni. Mkaguzi alikuwa amesimama wima kama anasubiri sindano.

Binti yangu akachukua wa kwanza, akatabasamu. "Huyu alilala sakafuni. Amechora hata karatasi ya kiwandani iliyobandikwa chini ya kiti. Sikujua kama ipo."

"Ni mimi!" Kimya akapaza sauti. "Mimi ndiye niliyeiona!"

"Tumejua, mume wangu, tulia," nikamwambia.

Akachukua wa pili. Tabasamu likaondoka. Akaunyoosha mbele yake, akafumba jicho moja, namna anavyofanya akisimama nyuma ya chombo chake cha miguu mitatu kule barabarani. Akaanza kutembea kukizunguka kiti. Akasogea kushoto, akasimama. Akarudi nusu hatua, akachuchumaa, akasogeza kichwa kidogo tu. Akatulia.

"Hapa," akasema. "Aliyechora hii alikaa hapa. Macho yake yalikuwa kimo hiki."

Alikuwa amechuchumaa juu ya mto wa Mkaguzi.

"Umejuaje?" mtoto akauliza kwa sauti ndogo.

"Mguu wa nyuma umejificha nusu nyuma ya wa mbele. Nikienda hivi unatokeza, nikienda hivi unapotea. Nusu namna hii haionekani popote duniani isipokuwa hapa ulipokaa." Akaushusha mchoro, akaangalia mistari, ile mizito, iliyoanza na kwisha mahali inapotaka. Akapitisha kidole juu ya mmoja. "Nani alikusaidia?"

"Hakuna. Bibi kazi yake kuniuliza maswali mpaka nachoka. Yake hata hatuoneshi."

Binti yangu akachukua wa tatu. Huo hakuhitaji kuuliza ni wa nani, mistari yake yote inatetemeka. Lakini aliutembeza vile vile, jicho moja limefumbwa, akaja taratibu hadi akasimama mbele yangu, magoti yake yamegusa yangu. Akainama, akauweka mchoro kando ya uso wangu, akakitazama kiti kutoka pale.

"Kimesimama sawasawa, mama," akasema.

Nikamwambia ahsante. Mkwe wangu akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwepo. Mimi nilikuwa namtazama Mkaguzi. Alikuwa ameuchukua mchoro wake kutoka kwa mama yake, ameugeuza nyuma kuukagua, akaugeuza mbele, na hakuona pa kukataa.

"Na somo?" nikauliza, maana kazi ni kazi.

"Somo lina mwalimu wake. Mimi nina langu la hesabu, na hilo naona linahitaji kuangaliwa." Akavuta kiti kingine, akakiangalia kiti cha katikati, akauangalia upande wa mlangoni ambao hakuna aliyewahi kuukalia. "Hapa pana mtu?"

"Hapana mtu," akasema Mkaguzi, na haraka akamletea karatasi, akamchongea penseli, akaijaribu ncha kwenye kidole kabla ya kumpa.

Tukakaa wanne tukikizunguka kiti, mkwe wangu ametuletea mkate wa moto. Mpima ardhi wangu alichora mguu mmoja, akafuta, akachora, akafuta. Nikaona macho yake yanaanza kutembea.

"Bibi!" Kimya akapiga kelele kutoka sakafuni. "Mama ananakili kwa dada!"

"Mwambie aangalie kiti," nikasema, bila kuinua uso kutoka kwenye kazi yangu. "Na usimcheke. Leo ndiyo kwanza ameanza shule."